Kidonge Kilichotolewa Kingali Moto: Historia ya Famau Mohamed wa Chovae

Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Wazee wetu, mama zetu mlioko ndani, majirani wa Kisauni, na nyinyi mliosafiri kutoka Lamu na Malindi, tumetoka kumlaza Famau, udongo bado uko kwenye kucha zetu, na kabla watu hawajatawanyika familia imeona isome maisha yake, isome kama yalivyokuwa, kwa sababu tangu jana maneno mlangoni ni mengi, yuko anayesema marehemu alikuwa akitengeneza mabomu Ulaya, yuko anayesema aliacha mke wa Kizungu, na yuko mmoja, jina lake tunalo lakini leo hatulitaji, aliyeuliza mbele ya watu kama Barke ni mjane kweli na kama anastahili kukaa eda. Huyo atajibiwa, asiondoke. Haya yameandikwa na mdogo wake, Idarus, fundi wa mashine za boti, ambaye hakukaa shule sana, basi mkikuta sentensi imepinda mnyoosheni yeye, msimnyooshe marehemu.

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 3 Machi 1961, kisiwani Chovae, kusini ya Kismayo, mtoto wa kwanza wa Mzee Mohamed na mama yetu Bimdogo, Mungu awarehemu wote wawili. Wengi wa watu wa Chovae walikuwa wavuvi, lakini baba yetu alikuwa mchoma chokaa, akivunja mawe ya matumbawe, akiyapanga juu ya magogo kwa duara, akiwasha moto, na kutoka hapo haondoki, analala palepale, anakula palepale, mpaka moto umekwisha na tanuri limepoa lenyewe. Sheria yake ilikuwa moja, aliyewasha ndiye atakayefungua, na hafungui mpaka jiwe limepoa kwa hiari yake, kwa sababu ukilifukua kwa pupa linapasuka na chokaa yake haishiki ukuta. Famau alilelewa kando ya moto huo, na alipokuwa mdogo nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi la chokaa, kama za mzee, watoto wenzake wakamwita Babu, jina ambalo lilimwudhi, akawapiga, naye akapigwa.

Kuhusu elimu, marehemu alisoma Kurani hapo Chovae, akahitimu akiwa na miaka saba, mwaka 1968 akapelekwa Kismayo kwa shangazi kuanza shule ya msingi, akaikuta serikali inabadilisha mambo, mara lugha hii, mara ile, mpaka mwaka 1972 masomo yakaanza kugeuzwa Kisomali, na yeye mtoto wa kisiwani akalazimika kuanza upya kusoma alichokwisha kukisoma. Alimaliza sekondari hapo Kismayo mwaka 1979, akatumikia taifa kama vijana wote wa wakati ule, na mwaka 1981 akaingia Chuo Kikuu cha Taifa, Mogadishu, kusomea kemia ya viwandani, iliyofundishwa kwa Kiitaliano, akapata shahada mwaka 1986. Alipomaliza, baba yetu alimwuliza, "Sasa umejua nini ambacho mimi sikijui?" Famau akamjibu, "Nimejua kwa nini jiwe likiungua linapungua uzito, baba." Mzee akasema, "Hilo hata punda anayelibeba analijua," na wote wakacheka, na hayo ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote waliyowahi kufanya juu ya elimu.

Mwezi Oktoba 1988, baada ya kufundisha miaka miwili Mogadishu, alipata nafasi ya masomo ya juu katika mji wa Parma, Italia. Wakati ule wataalamu wa dunia nzima walikuwa wamepagawa na jambo moja, kwamba kuna aina ya kigae cheusi, cha shaba na oksijeni pamoja na madini mengine mawili matatu, ambacho ukikipoza sana umeme unapita ndani yake bila kupungua hata chembe, haupati joto, haugongani na kitu, ukiuzungusha unaendelea kuzunguka. Metali nyingine za namna hiyo zilikuwa zikijulikana tangu zamani, lakini zilitaka baridi kali mno, ilhali kigae hiki kilitaka baridi nafuu kidogo, na hakuna aliyejua kwa nini. Famau akakabidhiwa jiko la kuoka vigae hivyo, vidonge vidogo mfano wa kitufe cha kanzu, kwa sababu profesa wake aliona kijana huyu anakaa na moto bila kuchoka. Walimwona ana subira, wasijue ni mtoto wa tanuri.

Sasa tunafika kwenye ndoa, na hapa tunaomba watu wanyamaze. Mwezi Agosti 1990 marehemu alirudi likizo, akaposa kwa Mzee Abdulrahman wa Kismayo, na siku ya Ijumaa, tarehe 17 Agosti 1990, baada ya sala, alifungishwa nikaha na Barke, binti Abdulrahman, aliyekuwa na miaka ishirini, mahari yalitolewa, mashahidi walikuwapo, na wawili kati ya hao wako hapa, wamekaa safu ya mbele. Kwa desturi yetu nikaha yaweza kusomwa leo na bibi harusi akabaki kwa babake, mpaka chumba kiwe tayari na siku ya kuingia ndani ipangwe, na ndivyo ilivyokuwa, kwani chumba kilikuwa bado hakijapigwa chokaa. Baba yetu alisema atachoma tanuri maalumu kwa ajili ya chumba hicho, si chokaa ya kununua. Famau akarudi Parma tarehe 2 Septemba kumalizia mwaka, na miadi ilikuwa Agosti ijayo. Kabla hajaondoka walikaa ukumbini, yeye na Barke, mamake Barke akiwa mlangoni kama askari, wakazungumza kadiri ya nusu saa juu ya rangi ya mapazia.

Mwezi Januari 1991 Mogadishu ikaanguka, na vita vikateremka kuelekea kusini. Baba yetu alikuwa amewasha lile tanuri la Barke. Tanuri lilikuwa limefunikwa, linapoa, walipokuja watu wenye bunduki Chovae, wakachukua mashine, wakachukua nyavu, wakachukua milango, na wachache tuliowajua kwa majina wakachukuliwa roho. Tuliondoka mwezi Aprili kwa mashua iliyobeba watu mara tatu ya kiasi chake, pamoja na Mzee Abdulrahman na binti yake waliokimbilia kwetu kutoka Kismayo, na baba yetu, aliyeishi na sheria moja maisha yake yote, akaliacha tanuri alilowasha kwa mkono wake bila kulifungua. Njia nzima alikuwa ameipa bahari mgongo, anatazama kisiwani.

Siku hiyohiyo ambayo habari za Kismayo zilifika Italia, marehemu alikuwa na kidonge jikoni. Kidonge kile kilitakiwa kipoe polepole ndani ya oksijeni, usiku na mchana, ili kinywe oksijeni ya kutosha, na sheria ya maabara ilikuwa jiko la moto haliachwi bila mtu. Akaja mlinzi akamwambia kuna simu kutoka kwenu, wanasema Kismayo imeshikwa. Mtoto wa mchoma chokaa akachukua koleo, akakitoa kidonge kingali chekundu, akakitupa juu ya sahani ya shaba, akazima jiko akakimbia. Simu ilikuwa imeshakatika. Alikaa kando yake siku tatu, akifunga bila kukusudia, na ilipotimia miezi minne ndipo akajua kwamba tuko hai, kambi ya Jomvu, Mombasa.

Kidonge kile kilikuwa kimeharibika. Kilikuwa na njaa ya oksijeni, na umeme wake ulikuja kupita bila kupungua kwenye baridi kali zaidi kuliko vidonge vilivyopoa kwa utaratibu. Mtu mwingine angekitupa. Famau alikiweka ndani ya sumaku kubwa inayosikiliza viini vya atomu, na akasikia jambo la ajabu, kwamba mbali sana juu ya baridi hiyo, kwenye joto ambalo bado umeme unagongana kama kawaida, tayari elektroni zilikuwa zimeanza kupungua, kama watu wanavyopungua sokoni, kana kwamba kuna mahali zimejificha. Wataalamu wengine nao walikuwa wamekwisha kuliona, wakaliita pengo la uongo, kwa sababu lina sura ya pengo lile linalokuja na umeme usiopungua, na umeme wenyewe haujafika. Swali likawa, pengo hili ni nini. Na swali hilo, jamaa zangu, ndilo lililomla kaka yetu.

Mwaka 1992 kambini palikuwa na simu moja ya kupanga foleni, na Barke alimwuliza siku moja, "Wewe huko unafanya nini hasa, maana watu hapa wananiuliza mume wangu ni nani, nasema anasomea udaktari, wanasema wa nini, nanyamaza." Famau akamweleza kwa Kibajuni, lugha ambayo Parma nzima hakuwa na mchu, yaani mtu, mwingine wa kuizungumza naye. Akamwambia elektroni moja moja hugongana na kila kitu, kama watu sokoni, lakini zikioana mbili mbili, na ndoa zote zikaingia mwendo mmoja, zinapita bila kugusana na chochote, na huo ndio umeme usiopungua. Akasema, "Mimi naona kwenye kidonge changu ndoa zimefungwa kabla ya wakati. Wawili wawili wapo. Ila hawajaingia ndani, wanangoja baridi." Barke akasema, "Kama sisi." Akajibu, "Kama sisi, Barke. Ndoa ipo. Kilichobaki ni baridi tu." Barke alitoka kwenye foleni ile akitabasamu, na wanawake wa kambi wakamtania wiki nzima, wakamwita bibi harusi wa simu.

Kauli hiyo marehemu aliiandika kitaalamu mwaka 1993, ikasomwa na wengi, ikampa jina, na mwaka 1994 akatunukiwa udaktari, akaajiriwa palepale kuwa mwokaji wa vidonge wa maabara nzima. Mwaka huohuo wa 1993, tarehe 11 Novemba, baba yetu alifariki kambini, na Famau hakuweza kumzika, kwa sababu pasi yake ilikuwa ya serikali ambayo haipo tena, na aliomba hifadhi akaambiwa asubiri. Alijaribu kumwita Barke. Akaulizwa cheti cha ndoa, nacho kilikuwa ofisi ya kadhi Kismayo, na ofisi ilikuwa imeungua. Akaulizwa picha za maisha yao ya pamoja, anuani waliyoishi, akasema ukweli kwamba hawajaishi pamoja hata siku moja, na ukweli huo ndio uliofunga mlango. Jamaa walimwambia angedanganya. Hakudanganya, na familia inasema hapa mbele za watu kwamba kwa hilo hatumlaumu.

Kambi ya Jomvu ilipofungwa, baadhi ya watu walirudishwa visiwani. Barke alikwenda na babake mwaka 1997, akafika mpaka Chovae, akatafuta lile tanuri. Mvua za miaka yote zilikuwa zimeingia, chokaa imelowa, imechemka yenyewe, kisha ikashikana na upepo na jua mpaka ikawa jiwe moja, kubwa kama chumba. Alirudi Mombasa, akampigia. Akamwambia, "Tanuri langu limekuwa jiwe, Famau." Akamjibu kwamba hiyo ni kawaida, chokaa ikikaa hewani hurudi kuwa jiwe, akamweleza kwa nini. Barke akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ahsante, daktari," akakata.

Sasa mtusikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengine hupenda kupaka rangi. Mwaka 1998 marehemu alipata karatasi za kusafiri. Angeweza kuja. Barke alimwambia njoo, tukae chumba chochote, hata cha mabati. Akasema vipimo viko karibu kukamilika, mwakani. Mwakani akasema mwakani. Hakuwa na mwanamke, wala pombe, wala starehe yoyote, aliishi chumba kimoja karibu na reli, Ramadhani alifuturu maabara peke yake kando ya mitungi ya gesi baridi, Idi aliswali na Wamoroko wasiojua jina lake, na mwenye nyumba aliwahi kumwambia Idarus kwa simu kwamba mpangaji huyu huongea na jiko. Hakuja kwa sababu aliamini. Aliamini kwamba kilichofungwa kimefungwa, kwamba kungoja ni sehemu ya ndoa, kama kupoa kulivyo sehemu ya chokaa. Akamwambia Barke neno lilelile, "Ndoa haina pa kwenda, kilichobaki ni baridi tu." Barke akamjibu, "Baridi ninayo mimi tele hapa Kisauni, nikutumie?"

Mzee Abdulrahman alipougua mwaka 2003 alitaka binti yake aachwe, aolewe na mtu anayeonekana. Ilikuwa haki yake kama baba. Barke ndiye aliyekataa, akasema, "Niachwe vipi, baba, na mimi sijachukuliwa?" Mzee akafa na neno hilo. Baada ya hapo Barke alishona nguo, akalea mamake mpaka alipofariki, na simu zikapungua kutoka kila wiki mpaka kila mwezi, mpaka Idi na Idi. Hakumtukana mumewe mbele ya mtu, na wala hakumsifu.

Mwezi Aprili 2012 marehemu alikirudia kile kidonge chake cha mwaka 1991. Zana zilikuwa zimeboreka, sumaku zilikuwa na nguvu mara nyingi zaidi, na tayari wengine walikuwa wameanza kusema wanaona mambo mapya ndani ya vigae hivi. Akaukandamiza ule umeme usiopungua kwa sumaku, akitarajia kwamba pengo nalo litadhoofika, kwa kuwa kwake yeye vitu hivyo vilikuwa mtu na mtoto wake. Halikudhoofika. Ndani ya pengo lile, elektroni zilikuwa zimejipanga mistari, zimetulia kwenye mpango wake zenyewe, na kadiri umeme ulivyokandamizwa mpango ule ulistawi, na umeme ulipoachiwa mpango ule ulinywea. Vilikuwa vinagombea elektroni zilezile. Kile alichokiita kungoja hakikuwa kinangoja kitu. Kilikuwa kinakula.

Tunataka kuwa wakweli, wako wataalamu wanaoshikilia kauli ile ya kwanza hata leo, wako wanaosema pengo na mistari ni mambo mawili tofauti, na marehemu mwenyewe alisema mjadala haujafungwa na hatakuwapo utakapofungwa. Lakini kwa kidonge chake yeye, alijua alichokiona. Aliandika, kwa jina lake kamili, kwamba alichokisema mwaka 1993 hakikuwa sahihi. Wenzake walimwambia angoje, asijivunjie jina mwenyewe. Neno ngoja ndilo alilokuwa hataki kulisikia tena.

Simu ile Barke ameitoa yeye mwenyewe kwa familia, na ameruhusu isomwe. Ilikuwa asubuhi, anakata kitambaa. Famau akasema, "Barke, nilikosea." "Umekosea nini?" "Lile pengo. Si ndoa zinazongoja. Ni kitu kingine, kinakula palepale penye ndoa, na nilikuwa nakilisha mimi." Barke akaweka mkasi chini. Akamwuliza, "Hapo unanipigia mimi, au unawapigia maprofesa?" Akasema, "Wewe." Barke akasema, "Basi panda ndege, wewe mchu. Mimi nina miaka arobaini na miwili." Mdogo wake alipomwuliza baadaye, kwa ukali, kama kweli alihitaji sumaku ya Wazungu kumwambia jambo ambalo nyumba nzima inalijua, marehemu alisema, "Elektroni hazinijui mimi wala Barke, Idarus. Lakini mtu akishaona kosa lake sahani moja ya mizani, hawezi kujizuia kutazama sahani ya pili."

Alifika Mombasa siku ya Jumamosi, tarehe 12 Januari 2013. Chumba cha Kisauni alikipiga chokaa mwenyewe, chokaa aliyoitafuta mpaka akaipata ya mawe, akailoweka, akaichuja, akangoja ikomae kama alivyofundishwa, na kwa siku zote hizo nyusi zake zikarudi kuwa nyeupe. Barke akamtazama akasema, "Kumbe ndiyo sababu walikuita Babu." Siku ya Ijumaa, tarehe 1 Februari 2013, Barke aliingia ndani. Hakukuwa na ngoma, wengi wa waliotakiwa kucheza walikuwa wamekufa au wako ng'ambo, ila sinia la halwa lilizungushwa na akina mama walipiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakabweka.

Wageni walipoondoka wakabaki watu wawili wasiojuana. Hili familia iliona ilifiche, Barke akasema lisomwe. Walikuwa wanajuana kwa sauti tu, sura iliwasumbua. Wakikaa mezani kimya kinaingia, mmoja anatazama sahani, mwingine dirisha. Basi marehemu alikuwa akitoka, anasimama uani karibu na tangi la maji, anampigia Barke simu chumbani, na hapo maneno yanakuja, wanacheka, wanagombana, wanakumbushana mapazia ya mwaka 1990. Majirani, mlimwona, mkasema daktari ana wazimu. Alikuwa anaongea na mkewe. Muda ulivyokwenda alianza kusimama barazani, kisha mlangoni, kisha kwenye kizingiti, simu bado iko sikioni na Barke yuko pale anamwona, mpaka siku moja mwezi Agosti mwaka uleule Barke akaichukua simu mkononi mwake akaizima, akasema, "Salio linaisha, kaa."

Katika ndoa yao marehemu na Barke hawakujaaliwa mtoto. Mahali hapa kwenye historia huwa pana majina. Hapa hapana, na tunalisoma hivyo hivyo.

Mwezi Juni 2014 marehemu alianza kuvimba miguu, akapimwa, akaambiwa figo zote mbili zimechoka. Alianza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, Barke akimpeleka na kumrudisha, na kwa miaka miwili na zaidi hakukosa hata zamu moja. Mashine ile ya damu aliipenda, akawa anawauliza wauguzi maswali mpaka wakawa wanamkimbia. Mwezi Septemba mwaka huu hali ikabadilika, maji yakapanda kifuani, akalazwa. Alikuwa haongei sana. Barke alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, naye hasemi, na dada zetu waliokwenda kuwatazama wakadhani wamegombana. Walipomwuliza Barke akasema hapana, ila kwa mara ya kwanza tangu Agosti ya mwaka 1990 hakuwa na hamu naye. Hawakumwelewa. Akawaeleza, "Hamu ni ya mchu aliye mbali."

Famau Mohamed alifariki dunia jana, Jumapili, tarehe 9 Oktoba 2016, saa kumi na moja alfajiri. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa Barke, na Barke hakuutoa mara moja. Wauguzi walimwambia mama, amekwisha ondoka, akasema anajua, akabaki ameushika mpaka ulipopoa wenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, ambao walimtunza kama baba yao na kumvumilia maswali yake, inawashukuru majirani wa Kisauni kwa maji, kwa viti, na kwa kunyamaza pale mlipoweza, inamshukuru dereva wa tuktuk, kijana Mzamil, aliyekuwa akisimama mlangoni saa kumi na mbili asubuhi bila kuitwa, inawashukuru wenzake wa Parma, waliotuma salamu usiku wa jana na kusema kwamba vidonge alivyooka bado vinatumika na hakuna aliyeweza kuoka vingine kama vyake. Kile kimoja, kilichotolewa kingali moto, alikuja nacho, kiko kwenye kijaluba, kisanduku kidogo cha Barke, na asiombwe na mtu.

Na wewe uliyeuliza mlangoni. Aliyeolewa kwa mahari na mashahidi, mumewe akifa, anakaa eda, hata kama mlango mmoja haukuwahi kuwafunika, hiyo ni sheria na ungeijua kama ungesoma. Lakini hatutaki ushindwe kwa sheria peke yake. Barke yuko ndani sasa hivi, kwenye chumba cha kuta nyeupe, ameanza eda yake ya miezi minne na siku kumi, na hakuna anayemlazimisha. Simu yake ameizima. Amesema hakuna tena atakayempigia kutoka uani, na waliobaki wote wanajua njia, waje. Basi nendeni nyote mkabishe hodi kwa adabu, mmoja mmoja, mkae naye, msiseme mengi.

Kaka yetu, mtoto wa tanuri, umepoa kwa wakati wako na aliyekungoja ndiye aliyekushika mkono. Pumzika, Famau, kwa amani ya mchu aliyefika kwake.